Uzi maalumu: Kulea watoto wa wenzio mchana nyumbani kwako, kazi inaanzia mlangoni

BiHarusi_Tabata (mwanzisha uzi)
Habari za humu wakuu. Uzi huu ni wa wanaopokea watoto wa majirani asubuhi na kuwakabidhi jioni, watoto wa miezi 4 hadi miaka 4, nyumbani kwa mlezi. Wenye shule za awali wana uzi wao.

Wengi wakitaka kuanza huuliza kwanza habari ya magodoro na midoli. Hivyo vitapatikana. Kinachoua kazi hii ni makabidhiano mabovu. Ugomvi mwingi wa mlezi na mzazi, na hatari nyingi za dawa na maziwa, chanzo chake ni jambo ambalo halikusemwa zile dakika tano za asubuhi. Kwa hiyo naanza na hapo:

Mpokee mtoto mzazi akiwa bado amesimama. Asiachwe mlangoni huku mama anakimbilia daladala. Mguse shingoni na tumboni kwa kiganja. Ukiwa na kipimajoto, kwapani 37.5 na kuendelea hiyo ni homa. Vua kofia na soksi, tazama mikono, mgongo na mapaja. Ukiona mchubuko au alama ya kuungua, andika palepale: "asubuhi, alama nyekundu paja la kulia, mama kasema kagonga kona ya meza." Mzazi aone unaandika. Atakayechukia atachukia siku ya kwanza tu, na jioni utamwonyesha mtoto wake vilevile, mwili mzima, kabla hajaondoka.

Kisha maswali manne: ameamka saa ngapi, amekula au kunyonya nini mara ya mwisho na saa ngapi, choo chake kikoje, na amepewa dawa gani tangu jana usiku. La nne ndilo zito. Mtoto aliyepewa panado saa 11 alfajiri anafika kwako saa 1 akiwa baridi na anacheza vizuri, saa 4 anawaka moto. Usipojua kwamba alishapewa, unaweza kumrudishia dozi kabla ya wakati wake.

Daftari liwe la mistari, kila mtoto ukurasa wake kwa siku: saa, alichokula na kiasi, nepi (mkojo au choo), usingizi, dawa, jambo lisilo la kawaida. Picha ya ukurasa itumwe WhatsApp jioni.

Kisiki_Mbagala
Mkuu umesahau fomu ya siku ya kwanza. Jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, mzio wa chakula au dawa, namba mbili za wazazi na ya tatu ya mtu anayeweza kufika ndani ya nusu saa, kituo cha afya wanachotumia, kadi ya bima kama ipo, na majina ya wanaoruhusiwa kumchukua.

Na kadi ya kliniki uione kwa macho, usiambiwe tu "amechanja." Tazama hasa surua-rubela, dozi ya miezi 9 na ya miezi 18. Ile ya pili ndiyo wazazi huisahau, maana mtoto keshakua na kliniki wamepunguza kwenda. Mahali penye watoto sita chumba kimoja, surua haiachi mtu ambaye hajakingwa.

mama_pacha09
Asante dada BiHarusi. Swali: mtoto wa miezi 5 ananyonya maziwa ya mama tu, mama anakamua. Aniletee kiasi gani na niyatunzeje? Umeme huku wanakata wanavyotaka.

NesiWaZamu
Hesabu ya kawaida ni mililita 30 hadi 45 kwa kila saa ambayo mama hayupo. Akiondoka saa 1 asubuhi na kurudi saa 11 jioni ni saa 10, yaani mililita 300 hadi 450. Usipokee yote katika chupa moja. Yagawanywe kwenye vyombo vidogo vya mililita 60 hadi 90, kwa sababu yaliyobaki baada ya mtoto kuanza kunywa yanatakiwa kutumika ndani ya saa 2, yakizidi mwaga. Kumwaga mililita 40 kunauma, kumwaga 200 kunaleta kesi na mama.

Kila chombo kiwe na jina la mtoto, tarehe na saa ya kukamuliwa, kwa peni isiyofutika juu ya plasta. Majina mawili ukiwa na watoto wanaofanana majina.

Utunzaji: kwenye joto lisilozidi nyuzi 25 yanakaa saa 4. Dar nyumba nyingi mchana zinapita hapo, kwa hiyo msihesabu saa 4, yaingie kwenye baridi mara yanapofika. Friji: siku 4, nyuma kabisa, si kwenye mlango. Boksi la baridi lenye vipande vya barafu vilivyoganda vizuri: saa 24. Umeme ukikatika, friji isipofunguliwa hushika baridi kama saa 4, basi usifungue kila dakika kutazama kama bado ni baridi.

Kupasha: chombo ndani ya bakuli la maji ya moto, dakika chache, zungusha taratibu, dondoshea ndani ya kiwiko. Usichemshe jikoni, na maikrowevu inaacha sehemu zenye moto mkali unaounguza mdomo. Yaliyoganda yakishayeyuka kwenye friji yatumike ndani ya saa 24, usiyagandishe tena.

Na tumieni kikombe kidogo badala ya chupa, kama kliniki wanavyofundisha. Kikombe kinaoshwa kikaisha. Chuchu ya chupa ina kona ambazo maziwa hukwama. Mtoto akae wima, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, aramb mwenyewe. Usimmiminie, atapaliwa.

NesiWaZamu
*arambe mwenyewe. Vidole.

Kisiki_Mbagala
Na ya kopo?

NesiWaZamu
Maji yaliyochemka, yasipoe zaidi ya dakika 30, yawe bado na nyuzi 70 au zaidi wakati unaweka unga. Unga wenyewe si salama kama tunavyodhani, joto hilo ndilo linaua vijidudu vilivyomo. Ukishakoroga, poza chombo kwenye beseni la maji baridi, mpe. Ndani ya saa 2 hayajanyweka, mwaga. Kijiko ni kile cha ndani ya kopo, kisawazishwe kwa kisu, na idadi ifuate maandishi ya kopo hilo, maana makopo hayafanani. Kosa kubwa ni kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Mtoto anashiba maji na uzito unashuka, kliniki ndiyo inakuja kugundua.

Mzee_wa_Kisasa
Kuna walezi wanawapa watoto Piriton walale mchana. Tulijadili na hili au tunafumba macho?

BiHarusi_Tabata
Tulijadili. Ni dawa ya mzio, usingizi ni madhara yake. Kwa mtoto mdogo inaweza kuathiri upumuaji, na hata asipodhurika papo hapo, mtoto anayelala saa 5 mfululizo hali, hanywi, na homa ikianza hakuna anayeona. Mzazi ataijua: kila jioni anakabidhiwa mtoto mzito anayesinzia, halafu saa 8 usiku yuko macho anataka kucheza. Siku ya Jumamosi akiwa nyumbani halali hivyo mchana.

Shosh_Umoja
Huku Nairobi pia iko. Lakini tuseme ukweli, mlezi anafikia hapo kwa sababu amechukua watoto kumi na mbili kwa chumba kimoja na ako peke yake. Ukimkataza dawa bila kumpunguzia watoto hujamsaidia.

Kipimo changu: mtu mzima mmoja, wachanga wa chini ya mwaka wasizidi watatu. Wa mwaka mmoja hadi miwili, wanne. Wa miaka mitatu wanaojua kwenda choo, hata saba au wanane, bora wasichanganywe na wachanga wengi. Jiulize hivi: moto ukiwaka, utatoka na wangapi kwa safari moja? Mgongoni mmoja, mikononi wawili.

Mswahili_Leicester
Nikiongezea kidogo kwa kulinganisha. Uingereza, England hasa, ukilea watoto wa chini ya miaka 8 nyumbani kwako kwa malipo zaidi ya saa 2 kwa siku lazima usajiliwe, ama kwa Ofsted (ofisi ya serikali inayokagua shule na malezi) au kwa wakala. Mlezi mmoja wa nyumbani kwa kawaida haruhusiwi kuwa na zaidi ya watatu walio chini ya miaka 5, na katika hao mchanga wa chini ya mwaka ni mmoja. Wa kwako mwenyewe wanahesabiwa humo humo. Na cheti cha huduma ya kwanza ya watoto ni mafunzo ya saa 12. Dada zetu wanaokuja huku wakidhani watalea watoto wa Waswahili wenzao kimya kimya, wajue hilo.

mama_pacha09
Kwetu je, sheria ikoje? Au tukae tu?

Kisiki_Mbagala
Tanzania: Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe. Mlango wa kuingilia ni Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako, anza naye kabla hujanunua chochote, atakuja kuona nyumba. Anza pia kwa mwenyekiti wa mtaa, wewe hasa ukiwa nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba akubali kwa maandishi.

Kenya, Katiba ya 2010 imeweka malezi ya watoto wadogo chini ya serikali za kaunti, kwa hiyo masharti utayakuta kaunti yako.

Mzee_wa_Kisasa
Nyumba yenyewe ikaguliweje?

BiHarusi_Tabata
Piga magoti utambae vyumba vyote. Usicheke. Ukiwa umesimama huoni waya wa pasi unaoning'inia, kitambaa cha meza chenye chupa ya chai juu yake, betri bapa ya rimoti iliyoanguka chini ya kochi. Ile betri bapa ikimezwa inaunguza koo ndani ya saa 2, hiyo ni ya kukimbilia hospitali hata kama mtoto hana dalili.

Maji: ndoo na beseni zimwagwe au zifunikwe kwa mfuniko wa kubana. Mtoto wa mwaka mmoja kichwa chake ni kizito kuliko mikono yake, akiinamia ndoo akatumbukia hawezi kujinyanyua. Sentimita chache za maji zinatosha. Na hapigi kelele. Kwa hiyo mlango wa bafuni uwe na komeo la juu.

Moto: jiko la mkaa likae nje, mahali penye kizuizi. Msiliingize ndani kwa ajili ya mvua wala kupasha chumba walimolala watoto, hewa yake yenye sumu haina harufu.

Mafuta ya taa na Jik visiwekwe kwenye chupa za soda. Mtoto akinywa mafuta ya taa usimtapishe na usimlazimishe maziwa, yakirudi yanaingia mapafuni. Nenda hospitali na chupa yenyewe.

Akiungua: maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Dakika 20 ni ndefu, tazama saa. Si dawa ya meno, si yai, si asali. Funika kwa kitambaa safi au nailoni safi ya jikoni, mpigie mzazi ukiwa njiani kwenda kituo cha afya.

Shosh_Umoja
Ongeza geti dogo la mbao mlangoni, urefu wa kiuno. Fundi anatengeneza kwa siku moja. Nafasi kati ya mbao isipite sentimita 6, kichwa kisipenye.

Chokochoko_TZ
Wakuu, ubuyu. Watu wanawapa watoto wa miaka miwili ubuyu kama pipi.

NesiWaZamu
Umenikumbusha. Vya kutotoa kwa chini ya miaka 4: ubuyu wenye mbegu, karanga nzima, bisi, pipi ngumu, mbegu za ukwaju. Zabibu kata nne kwa urefu, samaki chambua kwa vidole vyako mwenyewe. Na watoto wale wakiwa wamekaa. Anayekula huku anakimbia ndiye anayekabwa.

Akikabwa na bado anakohoa kwa sauti, mwache akohoe, kaa karibu. Sauti ikikatika:

Chini ya mwaka 1: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, taya umeishika. Piga mara 5 katikati ya mabega kwa kiganja. Haijatoka, mgeuze chali, vidole viwili katikati ya kifua chini kidogo ya mstari wa chuchu, bonyeza mara 5. Rudia.

Zaidi ya mwaka 1: mara 5 mgongoni akiwa ameinama, kisha simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, vuta ndani na juu mara 5. Mchanga usimbonyeze tumbo, ini lake liko wazi. Usiingize kidole kutafuta usichokiona, unakisukuma. Akilegea, mlaze chini, anza kumpulizia pumzi na kubonyeza kifua huku mwingine anatafuta usafiri.

mama_pacha09
Dawa za mzazi, nikiachiwa nimpe?

NesiWaZamu
Kwa maandishi tu, dawa iwe kwenye chupa yake, jina la mtoto, kiasi na saa. Panado ya maji ya kawaida ni mg 120 kwa mililita 5. Mtoto wa kilo 10 ni mililita 5, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa saa 24. Kuna matone ambayo yana nguvu zaidi kwa kila mililita, ukichanganya umemzidishia, soma chupa kila mara. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya nyumbani havilingani. Antibayotiki zilizobaki za mtoto mwingine, hapana kabisa.

Hizi si za kusubiri mzazi atoke kazini: ameshindwa kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea haamki vizuri. Hesabu pia pumzi akiwa ametulia, dakika nzima ukitazama saa: miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi, mwaka 1 hadi 5, 40 au zaidi. Hiyo ni ya kwenda kituoni siku hiyohiyo.

Kisiki_Mbagala
Kuharisha nako ndiko kunakojaza daftari. ORS pakiti ya lita 1 katika lita 1 kamili ya maji safi, pima kwa chupa, si kwa jicho. Maji pungufu yanaifanya chumvi kuwa kali, maji mengi yanaipotezea kazi. Ikishachanganywa ni saa 24 tu. Chini ya miaka 2, mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo chepesi, kwa kijiko. Akitapika subiri dakika 10, endelea polepole. Maziwa ya mama yasikatizwe. Zinki kliniki watatoa, mzazi aimalize siku 10 hadi 14 hata kama choo kimeshatulia.

Mwenye kuharisha abaki kwao hadi saa 48 zipite bila choo chepesi. Tetekuwanga hadi vipele vyote vikauke magamba. Haya yaandikwe kwenye makubaliano, la sivyo kila mzazi atakwambia "ni meno tu." Meno hayaharishi.

Chokochoko_TZ
Mtoto anayeng'ata wenzie?

BiHarusi_Tabata
Kawaida kati ya mwaka 1 na nusu na miaka 2 na nusu, maneno hayajatosha. Muangalie aliyeng'atwa kwanza, osha kwa sabuni. Kisha kwa mng'ataji sentensi fupi: "Hapana. Inauma." Umsogeze. Usimng'ate naye, anajifunza kwamba wakubwa pia hung'ata. Fungua daftari uone saa: mara nyingi ni saa 5 na nusu kabla ya chakula, au mdoli mmoja unaogombewa na watatu. Wape chakula saa 5, nunua midoli miwili inayofanana. Mzazi wa aliyeng'atwa aambiwe kilichotokea, jina la mng'ataji lisitajwe.

Na mchanga asiyenyamaza: njaa, nepi, joto, gesi, usingizi. Umemaliza vyote na mikono imeanza kutetemeka kwa hasira, mlaze chali mahali salama, toka dakika 5 hadi 10, unywe maji. Usimtikise hata kidogo, ubongo wake unagonga ndani ya fuvu. Kulala pia ni chali siku zote, godoro gumu sakafuni, bila mto, chandarua kimechomekwa.

Mzee_wa_Kisasa
Mnachaji vipi? Mimi naona wengi wanalea kwa hasara.

Shosh_Umoja
Piga hesabu ya watoto watano kwanza. Namba ni za mfano kwa shilingi ya TZ, weka za mtaani kwako: 3,000 kwa siku mara watoto 5 mara siku 22 ni 330,000. Uji na chakula 700 kwa mtoto, 77,000. Gesi, maji, sabuni, Jik 40,000. Msaidizi 100,000. Unabaki na 113,000. Mtoto wa sita anaongeza 50,600 baada ya chakula, ndiyo maana mtego uko hapo, na wa saba vilevile, mpaka siku msaidizi haji.

Malipo kwa wiki, Jumatatu asubuhi, kwa simu ili kuwe na kumbukumbu. Asiyekuja alipe nusu, nafasi yake umeishikilia.

Kisiki_Mbagala
Nusu watu watagoma shangazi. Bongo mtoto asipokuja halipi. Heri upandishe kidogo bei ya siku.

Shosh_Umoja
Basi pandisha. Ila kuchelewa kulipiwe, kila nusu saa baada ya saa 12 na nusu jioni. Bila hilo saa 12 inakuwa saa 2 usiku ndani ya mwezi.

Chokochoko_TZ
Akija kuchukuliwa na mtu nisiyemjua, au bodaboda katumwa?

BiHarusi_Tabata
Hatoki. Piga namba iliyo kwenye fomu, si namba anayokupa yeye. Mzazi akithibitisha, andika jina na namba ya simu ya mchukuaji. Bodaboda peke yake na mtoto wa miaka miwili, hapana, hata mzazi akilia kwenye simu. Mzazi akija amelewa, piga namba ya tatu.

Ndani ya nyumba yako nako: anayebadilisha nepi ni wewe au msaidizi tu, mlango wazi, si kijana wa nyumbani wala mgeni. Ukiona dalili ya mtoto kuumizwa au kuchezewa, usimhoji sana wala kumwogesha. Andika maneno yake kama alivyoyasema, nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, ni bure.

mama_pacha09
La mwisho: uji, na Jik kipimo gani kwa midoli?

NesiWaZamu
Uji: kikombe 1 cha unga kwa vikombe 5 au 6 vya maji, uonje kwa kijiko, ubaki juu ya kijiko usitiririke kama maji. Miezi 6 hadi 8 anza na vijiko 2 au 3 vya chakula ukipanda hadi nusu kikombe cha mililita 250, miezi 9 hadi 11 nusu kikombe, mwaka 1 hadi 2 robo tatu hadi kimoja. Unga wenye soya mbichi iliyosagwa bila kuchemshwa au kukaangwa unasumbua tumbo, muulize aliyesaga. Uliza karanga pia, kwa ajili ya mzio. Asali asipewe hadi mwaka upite.

Jik ya asilimia 3.5: kipimo 1 kwa 6 za maji ni ya sakafu penye choo au matapishi. Kwa midoli na poti, chukua kipimo 1 cha mchanganyiko huo ongeza 9 za maji. Osha kwa sabuni kwanza, kisha loweka dakika 10, suuza, anika juani. Mchanganyiko wa jana umwage, na usiuchanganye na dawa nyingine ya choo.